Kufundisha Mzizi wa Mlima: Vipimo vya Uvutano katika Milima ya Aktiki

Katika somo la Jiografia, wanafunzi huambiwa kwamba ganda la dunia ni nene zaidi chini ya milima. Mtoto mdadisi aulizapo, "Nani alichimba akaona?", mwalimu hana budi kuwa na jibu. Makala haya yanaeleza jibu mojawapo, na namna ya kulifundisha, kwa mfano wa milima ya Brooks Range iliyoko kaskazini mwa Alaska, katika eneo la Aktiki.

Kipimo. Chombo kitumikacho huitwa gravimita. Kwa asili yake ni uzito uliotundikwa kwenye springi: uvutano wa dunia uzidipo, springi hurefuka, upunguapo, hufupika. Mabadiliko yatafutwayo ni madogo mno. Hupimwa kwa miligali, na miligali 1 ni kama sehemu moja katika milioni ya uvutano wote. Kupanda mita 1 tu hupunguza uvutano kwa miligali 0.3 hivi, kwa kuwa mpimaji amejitenga na kitovu cha dunia. Kwa hiyo kimo cha kila kituo lazima kijulikane barabara. Kisha huondolewa, kwa hesabu, athari ya kimo hicho na ya mwamba ulio kati ya kituo na usawa wa bahari. Kinachobaki hutokana na yaliyo chini zaidi.

Maana. Katika Brooks Range, kinachobaki ni pungufu kuliko kawaida. Sababu ni kwamba mlima una mzizi: miamba ya ganda, iliyo myepesi, imeshuka na kushika nafasi ya miamba mizito. Mwingereza George Airy alieleza wazo hili mwaka 1855. Kwa makadirio ya kawaida, kila kilometa 1 ya kimo huhitaji mzizi wa kilometa 4 hivi.

Zoezi. Tayarisha beseni la maji na vipande viwili vipana vya ubao wa aina moja, kimoja chembamba na kimoja kinene. Wanafunzi wabashiri kwanza, ndipo waviweke majini. Wataona kwamba kipande kinene hutokeza juu zaidi na pia huzama chini zaidi. Waeleze kwamba miamba iliyo chini ya ganda si maji. Ni migumu, ila husogea polepole mno kwa mamilioni ya miaka.

Tahadhari. Uvutano peke yake hauthibitishi mzizi. Kaskazini ya Brooks Range liko bonde la Colville, lililojaa mashapo mepesi, nayo hupunguza uvutano vilevile. Ndiyo maana wataalamu walilipua baruti na kupima mitikisiko ilivyopita ardhini. Wakakuta ganda lenye unene wa karibu kilometa 50 chini ya milima.

Basi, mwishoni mwa kipindi, usiulize tu, "Ganda lina unene gani?" Uliza pia, "Tumejuaje? Na ni kitu gani kingine kingeweza kuleta kipimo kama hicho?"