Nyoka amesusa, amegoma au amefunga?

Katika zoezi la tafsiri kutoka Kifaransa tulikutana na sentensi inayoonekana nyepesi: chatu anayefugwa nyumbani anakataa kula wakati wa baridi ya Ulaya. Hapa Makiso tuko karibu kabisa na ikweta, na joto la wastani ni kama nyuzi 25 mwaka mzima. Theluji hatuijui. Chatu tunamjua, lakini zaidi porini au sufuriani. Hata hivyo sentensi hii inastahili kujadiliwa, kwa sababu kitenzi atakachochagua mfasiri kinaweza kuamua jinsi mfugaji atakavyomtendea mnyama wake.

Wengi darasani waliandika amesusa. Kususa ni kukataa kwa hasira au kwa deko: mtoto hususa lituma kwa kuwa dada yake amepewa kipande kikubwa cha samaki. Anayesusa hubembelezwa, na akizidi hulazimishwa. Kugoma kunahitaji madai. Kufunga kunahitaji nia, ila kuna jambo moja zuri ndani yake: kufunga kuna mwanzo na mwisho, na aliyefunga si mgonjwa.

Sasa tumtazame nyoka mwenyewe. Anayefugwa sana Ulaya na Marekani ni Python regius, ambaye Wafaransa humwita chatu wa kifalme. Asili yake si nchi za baridi. Ni Afrika, kutoka Senegali hadi Uganda, na wengi husafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin. Nyoka hana joto lake mwenyewe la kutosha, hulichukua nje. Mwili ukipoa, tumbo halisagi vizuri, na panya aliyemezwa huweza kutapikwa. Kwa hiyo chumba kikipoa, kutokula ni busara ya mwili.

Lakini wapo wanaoacha kula hata sanduku likiwa na joto la kutosha, hasa madume wakubwa, kwa kuwa miezi hiyo huangukia msimu wa kupandana. Jike naye, akishataga, huyazungushia mayai mwili wake kwa karibu miezi miwili, kwa kawaida bila kula. Mwaka 2007 Marshall McCue, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Arkansas, alieleza jaribio ambamo nyoka wa spishi tatu, huyu wetu akiwemo, walikaa bila chakula kwa takriban miezi 6. Baadhi yao walipunguza matumizi ya nishati mwilini hadi kwa asilimia 72, na bado waliendelea kurefuka!

Aliyesoma amesusa atamfungua nyoka huyu mdomo kwa nguvu, na anaweza kumjeruhi. Aliyesoma hufunga atapima joto la sanduku, atampima nyoka uzito kila baada ya siku kadhaa, na atamwita daktari wa mifugo akiona anakonda haraka, anatoa ute mdomoni au anapumua kwa mlio.

Nimeandika hufunga kwa makusudi, si amefunga. Kiambishi hu- kinabeba mazoea, na ndicho kinachotuambia kwamba jambo hili hurudi kila mwaka. Kwa maoni yangu kinafanya kazi kubwa kuliko kitenzi chenyewe. Hali, kwa upande wake, ni kanushi sahihi ya kula, lakini kwenye maandishi jicho husoma «hali yake». Wengi wetu huku husema hakuli, na sioni aibu yoyote hapo.

Linabaki jina la majira. Kipupwe ni cha pwani, na huja katikati ya mwaka, wakati Ulaya wanatoka jasho. Kilingala kina elanga, kiangazi, ambacho Kinshasa huja na mawingu na ubaridi kidogo, lakini nacho ni cha Juni hadi Agosti. Mimi ningetaja miezi tu: «Chatu huyu hufunga kati ya Novemba na Februari, wakati wa baridi huko Ulaya.» «Wakati wa», si «kwa sababu ya», maana baridi mara nyingine haihusiki kabisa.