Muanda: tai anayekula ngazi

Siku ya posho asubui, sisi na marafiki tulitembea kwa miguu pwani ya Muanda, pale Kongo yetu inagusa bahari. Chini, maua ya zambarau yalikuwa yanatambaa kwenye mchanga. Mizizi yake njo inaushika usibebwe na upepo. Juu ya mti, furukombe mwenye kichwa cheupe alikuwa anangoja samaki. Mbele kidogo tukaona tai mweupe, mabawa yana weusi: ni wa jamii ya tumbusi, lakini chakula yake kubwa ni ngazi, si nyama.

Mikoko, ile miti inayoota ndani ya maji ya chumvi, inalindwa hapa na sheria tangu 1992. Lakini watu bado wanaikata kwa kuchoma makala. Ikiisha, samaki watazalia wapi? Na mvuvi atakula nini?