Mchezo Uliosubiriwa Miaka Minane: Tuupime kwa Lipi?

Mtoto aliyekuwa darasa la saba trela ya kwanza ya Cyberpunk 2077 ilipotoka, Januari 2013, alikuwa ameshamaliza kidato cha sita siku mchezo wenyewe ulipoingia sokoni, tarehe 10 Desemba 2020. Katika trela ile CD Projekt Red, kampuni ya Poland, haikutaja mwaka. Ilisema tu kwamba mchezo utatoka ukiwa tayari. Hata tarehe ilipopatikana iliahirishwa mara tatu: Aprili 2020 ikawa Septemba, Septemba ikawa Novemba, Novemba ikawa Desemba. Kabla ya hapo, kwenye maonyesho ya Los Angeles mwaka 2019, mwigizaji Keanu Reeves alikuwa amepanda jukwaani kutangaza kwamba naye yumo. Kufikia siku ya kutoka, nakala milioni 8 zilikuwa zimekwisha kulipiwa na watu ambao hawakuwahi kuugusa.

Kungoja kwa namna hiyo huharibu mizani. Kila aliyengoja alijijengea mchezo wake kichwani, na ule halisi ulipotoka akaupima kwa ule wa kichwani. Wapo walioudharau kwa kuwa hawakuweza kuingia kila jengo la mji. Wapo walioutetea kwa kuwa ni aibu kukiri kwamba umengoja miaka yote hiyo ukaambulia kioo kilichoganda. Hakuna kati yao anayemsaidia mtu aliyesimama leo dukani akihesabu noti zake na kujiuliza kama anunue. Mimi, kwa michezo hii ya kuvaa uhusika, huanza na kipimo kimoja kabla ya picha, muziki au ukubwa wa ramani: nikichagua jambo, nini kinabadilika, na mabadiliko yanadumu mpaka lini?

Kipimo hicho kimetoka katika asili ya michezo yenyewe. Dungeons & Dragons, iliyotoka Marekani mwaka 1974, huchezwa mezani kwa karatasi, kalamu na dadu. Mtu mmoja huibeba dunia nzima kichwani na kuwasimulia wenzake. Wenzake husema wanachotaka kufanya, na dadu huamua kama wamefaulu. Cyberpunk nayo ilianzia mezani, ilipotolewa na Mike Pondsmith mwaka 1988. (Katika historia ya kubuni ya mchezo huo wa mezani umo mtambo wa kurusha mizigo angani uliojengwa Kilimanjaro. Wenyeji wa Moshi hawakuulizwa.) Sasa, msimulizi wa mezani akisikia mchezaji anataka kumhonga mlinzi badala ya kumpiga, anabuni papo hapo yatakayofuata, na mkikutana wiki ijayo bado anakumbuka kwamba mlinzi yule alikula hela yako.

Kompyuta haina kipaji hicho. Kila njia unayoweza kuipita lazima mtu aiandike mapema, waigizaji waisome, mafundi waichoree miili na nyuso, kisha wajaribu kama haivunjiki. Mchezaji akipewa njia nne atapita moja, na gharama ya zile tatu hataiona kamwe. Ndiyo maana studio nyingi hufungua njia panda kwa mbwembwe, halafu baada ya hatua chache huzirudisha njia zote kwenye barabara ile ile. Mhakiki makini hutafuta mahali hapo pa kurudishwa. Kila mchezo unapo. Tofauti ni umbali.

Cyberpunk 2077 inakupa ufundi na ujanja kwa pamoja tangu saa za mwanzo. Unacheza kama V, mamluki katika mji wa kubuni wa Night City, pwani ya California. Wewe na rafiki yako Jackie mnatumwa kuchukua roboti la kivita kutoka kwa genge la Maelstrom, lililojificha katika kiwanda cha chakula kilichoachwa. Kabla ya kwenda unaweza kukutana na Meredith Stout, ofisa wa kampuni ya silaha ya Militech, ambako roboti hilo liliibwa. Anakupa kadi ya malipo yenye fedha, na ndani yake kuna kirusi. Unaweza kuifikisha kama ilivyo, kukiondoa kirusi, kuwaambia genge ukweli, kulipa kwa fedha zako, au kumwaga risasi bila kulipa senti. Unaweza kumtoa kiongozi wa zamani wa genge aliyefungiwa chumbani, na ukimtoa mtakutana tena mbele ya safari. Ni kazi iliyopikwa vizuri sana. Ndiyo pia waliyoitumia kuwaonyesha watu mchezo mwaka 2018, na ukiimaliza unaamini kwamba mchezo mzima utakuwa hivyo.

Hauko hivyo. Chukua suala la asili ya V. Mwanzoni kabisa unaulizwa ametoka wapi: kwa wahamaji wa jangwani, mitaani, au kwenye ofisi za kampuni ya Arasaka. Kila asili ina utangulizi wake, mfupi kiasi cha kuumalizia kwenye kikao kimoja. Kisha inapita video ya haraka ya miezi sita ya maisha mjini, na V wote watatu wanatokea mahali pamoja, wakiwa na rafiki yule yule na kazi ile ile. Kuanzia hapo asili yako inabaki hasa kama sentensi ya ziada katika mazungumzo. Barabara imekutana mapema mno, na walioununua mchezo kwa ajili ya ahadi ya asili tatu wana haki ya kununa.

Hata hivyo, mbali ndani ya hadithi kuna tukio ambalo bado nalitolea mfano kila nikizungumzia ufundi huu. Jengo linavamiwa, sakafu inaporomoka, unaanguka ghorofa ya chini, na sauti ya Johnny, mhusika anayeishi kichwani mwako, inakuhimiza ukimbie, ikisema mwenzako aliyebaki juu amekwisha kufa. Hakuna kisanduku cha kukuuliza uchague nini. Wengi hukimbia. Ukikataa, ukapanda tena juu, unamkuta na unaweza kumwokoa, na mwisho wa hadithi utalisikia jina lake. Sitalitaja hapa kwa ajili ya ambao hawajafika. Hapo uchaguzi haukuandikwa kwenye menyu. Umefichwa katika tabia ya mchezaji, jambo analoweza kulifanya msimulizi wa mezani na ambalo kompyuta hulifanya kwa nadra.

Miisho nayo inategemea nani uliyemjali. Ukipuuza kazi za pembeni za Panam Palmer, dereva wa kabila la wahamaji, njia moja kubwa ya kumalizia hadithi haifunguki kabisa. Kwa hiyo kipimo changu kinatoa jibu la nusu: watu wa Night City wanakukumbuka, mji wenyewe haukukumbuki. Unaweza kupiga risasi sokoni, ukazunguka mtaa mmoja, na kurudi kununua tambi kana kwamba hakikutokea kitu. Anayetafuta mji wenye uhai wa aina ya Grand Theft Auto atachoka mapema. Anayetafuta watu atakaa.

Lakini hayo yote yanamhusu mtu ambaye mchezo unamkubalia kucheza, na Desemba 2020 wenye PS4 hawakuwamo. Hapa wahakiki wenzangu wanabeba sehemu ya lawama, ingawa hawakuachiwa nafasi kubwa. Kabla ya siku ya kutoka walipewa toleo la kompyuta peke yake, na katika video zao waliruhusiwa kutumia picha zilizotolewa na kampuni tu. Alama zikaja za juu, na zilikuwa za kweli kwa kompyuta zenye nguvu. Mwenye PS4 alizisoma, akalipa, akakutana na mji usio na watu, magari yanayochipuka barabarani na mchezo unaojizima. Siku 8 tu baada ya kutoka, Sony iliuondoa kwenye duka lake la mtandaoni na kuwarudishia wanunuzi fedha. Haukurejeshwa mpaka tarehe 21 Juni 2021.

Sababu inaeleweka hata kwa asiye fundi. Mji mkubwa namna ile hauenei wote kwenye kumbukumbu ya mashine. Unapoendesha gari, mtaa ulio mbele unasomwa kutoka kwenye diski kuu huku ule wa nyuma ukifutwa. PS4 ni mashine ya mwaka 2013, yenye diski ya kuzunguka iliyo taratibu na kichakataji dhaifu. Gari likienda kasi kuliko diski inavyoweza kusoma, unafika mtaani kabla mtaa haujafika. Januari 2021 mmoja wa waanzilishi wa kampuni, Marcin Iwiński, aliomba radhi kwa video na kukiri kwamba usomaji huo kwenye mashine za zamani ndio uliowashinda. PS5 na kompyuta zenye diski za SSD hazina mzunguko wa kusubiri, ndiyo maana kwao mchezo ule ule ulikuwa mwingine.

Na tangu hapo umebadilika tena. Februari 2022 ulitoka katika toleo la PS5, bure kwa waliokuwa na la PS4. Septemba 2023 lilikuja sasisho 2.0, lililofumua mfumo wa ujuzi wa mhusika na wa polisi na kuongeza mapigano ya ndani ya magari, likifuatiwa siku chache baadaye na hadithi ya nyongeza, Phantom Liberty, anamoigiza Idris Elba. PS4 na Xbox One hazikupata chochote kati ya hivyo viwili. Uhakiki wa mwaka 2020, hata ulioandikwa kwa uaminifu, unazungumzia kitu ambacho hakiuzwi tena. Kabla ya kuusoma tazama tarehe, kisha mashine iliyotumika.

Jirani yake wa karibu kwa kungojwa, Baldur's Gate 3, alipita njia nyingine. Mchezo wa pili wa mfululizo huo ulitoka mwaka 2000. Larian, studio ya Ubelgiji, iliuza sehemu ya kwanza ya huu wa tatu ikiwa haijakamilika kuanzia Oktoba 2020, ikasikiliza malalamiko kwa karibu miaka mitatu, na kuutoa mzima tarehe 3 Agosti 2023. Mnunuzi aliona anachonunua. Kwa kipimo changu cha uchaguzi unaupita wa Poland bila ubishi: ukiwasaidia wavamizi kuwaangamiza wakimbizi mwanzoni, baadhi ya wenzako wanakuacha na hawarudi, na waliokufa hutawakuta mjini baadaye. Dadu inaonekana kwenye kioo ikizunguka, kama mezani. Lakini unachezwa kwa zamu na kwa subira, na anayependa kasi ya risasi atasinzia.

Kwetu kuna hesabu nyingine ambayo wahakiki wa Ulaya na Marekani hawaifanyi. Baldur's Gate 3 inataka nafasi ya gigabaiti 150 kwenye kompyuta, Cyberpunk 70, na masasisho juu yake. Piga hesabu ya bando kabla ya hesabu ya mchezo. Kibanda cha gemu cha mtaani, unapolipia mechi ya mpira, hakikufai hapa, kwa kuwa hadithi ya makumi ya saa inahitaji mahali pako pa kusevu ambapo mtoto wa jirani hatapafuta. Diski ya Cyberpunk ya PS4 iliyotumika huuzwa rahisi, na kwa mwenye PS4 bei hiyo bado ni ghali. Kwa mwenye PS5 yenye tundu la diski inaweza kuwa bahati, alimradi ana intaneti ya kupakua toleo jipya. Kiswahili hakimo katika mchezo wowote kati ya hii miwili. Cyberpunk ina majibu yanayohesabiwa kwa sekunde, kwa Kiingereza cha mitaani kilichobuniwa, kwa hiyo washa maandishi ya chini tangu mwanzo. Baldur's Gate 3 inakungoja usome hadi umalize.

Wanaonunua kupitia Steam wana kinga moja: fedha hurudishwa ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa mbili. Saa mbili zinatosha kuipima mashine yako. Ingia mitaa yenye watu wengi mchana, endesha gari kwa kasi, tazama kama picha inakatika. Hadithi hazitoshi kuipima hata kidogo, kwa sababu katika Cyberpunk jina la mchezo lenyewe halitokei kwenye kioo mpaka baada ya wizi mkubwa unaoenda kombo, saa kadhaa ndani. Ukifika hapo na huna hamu ya kujua V atafanya nini, acha bila majuto. Saa zilizobaki hazitakubadilisha.

Mimi nasema Cyberpunk inafaa, leo, kwa mwenye PS5, Xbox Series au kompyuta yenye SSD, na kwa bei ya punguzo, ambalo siku hizi halikosekani kwa muda mrefu. Phantom Liberty inastahili fedha yake hata kuliko mchezo mama, maana humo njia hukutana kwa kuchelewa na kumsaliti mmoja kunamgharimu mwingine mpaka mwisho. Ila itangulize kabla ya mwisho wa mchezo mama. Hadithi kuu itakapokutuma ukakutane na mhusika aitwaye Hanako kwenye mgahawa wa Embers, usiingie kabla hujamaliza kazi za Panam, za Judy, rafiki mwingine wa V, na za Johnny mwenyewe. Ukivuka hapo ni mwisho wa hadithi moja kwa moja, na utakachoweza kufanya baadaye ni kufungua faili ulilosevu kabla ya kuingia.