Mwaloni wa Miiba: Kichaka cha Bustani Isiyo na Maji Mengi

Mwaloni wa miiba ni kichaka kigumu kinachoota katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, kuanzia Ureno na Moroko upande wa magharibi hadi Uturuki, Syria na Palestina upande wa mashariki. Wataalamu wa mimea huuita Quercus coccifera, jina lililotolewa na Carl Linnaeus mwaka 1753. Mialoni mingi ya Ulaya ya kaskazini hupukutisha majani msimu wa baridi, lakini huu hukaa kijani mwaka mzima. Wasomaji wa Biblia wanaijua mialoni ya Mamre, mahali alipokaa Ibrahimu. Mti mkongwe ambao mahujaji wameonyeshwa kwa miaka mingi karibu na Hebroni kuwa ndio wa Ibrahimu ni wa aina ya mashariki ya mwaloni huu, ambayo huweza kurefuka ikawa mti kamili. Upande wa magharibi mmea huu kwa kawaida hauzidi mita 2.

Katika nchi hizo mvua hunyesha miezi ya baridi, na joto kali huja pamoja na ukame. Ni kinyume cha sehemu nyingi za bara la Afrika Mashariki, ambako kiangazi cha Juni hadi Septemba huwa na ubaridi. Mwaloni wa miiba, kwa hiyo, hulazimika kuvuka miezi ya jua kali karibu bila tone la mvua. Silaha yake ya kwanza ni jani. Lina urefu wa sentimita 1.5 hadi 4, halina manyoya, linang'aa juu na chini, na ukingo wake una meno yenye ncha zinazochoma kidole. Ngozi yake nene yenye nta huzuia maji yasipotee ovyo, na ukame unapozidi vitundu vya kupumulia hujifunga. Silaha ya pili ni mizizi. Mche mchanga huzamisha mzizi mkuu ardhini kabla ya kurefusha shina, na baadaye mizizi hupenya katika nyufa za mawe kutafuta unyevu. Hata moto ukiunguza kichaka chote, au mbuzi wakikitafuna hadi chini, machipukizi mapya hutoka kwenye mizizi.

Maua hutokea majira ya kuchipua, ya kiume na ya kike yakiwa kwenye mmea mmoja, na upepo ndio unaochavusha. Tunda lake ni kokwa iliyokalia kikombe chenye magamba yaliyosimama kama miiba. Kokwa huchukua misimu miwili kukomaa, hivyo kichaka kimoja huweza kuwa na vitunda vichanga vya mwaka huu pamoja na vilivyoiva vya mwaka uliotangulia.

Zamani kichaka hiki kilithaminiwa kwa sababu ya mdudu anayeishi kwenye matawi yake. Jike lake huvimba likawa kama punje ya dengu au njegere, nalo likikusanywa na kukaushwa hutoa rangi nyekundu ya kutia vitambaa. Katika karne ya 1 mwandishi wa Kirumi Plinio alieleza kuwa maskini wa Hispania walilipia sehemu ya kodi yao kwa mazao hayo. Biashara hiyo ilififia katika karne ya 16, rangi ya mdudu mwingine ilipoanza kuletwa kutoka Meksiko.

Anayetaka kuupanda mwaloni huu huanza na kokwa mpya zilizookotwa majira ya vuli. Huzitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea mara nyingi zimeliwa na wadudu au zimekauka, hivyo hutupwa. Zilizozama hupandwa mapema, kwa sababu kokwa ikikauka hufa. Hulazwa kwa ubavu, zikafukiwa sentimita 2 au 3, katika viriba virefu ili mzizi mkuu usijikunje. Kitalu hufunikwa kwa wavu, maana panya huzifukua. Mche huhamishiwa bustanini ungali mdogo. Mkubwa ukikatwa mzizi huchelewa kushika au hufa.

Mahali panapoufaa ni penye jua kutwa na udongo usiotuamisha maji. Udongo wa chokaa, wa changarawe au wa mteremko wenye mawe haumsumbui mpandaji. Mfinyanzi unaojaa maji ndio unaoozesha mizizi. Mbolea nyingi haihitajiki, kwani huzaa matawi laini yasiyostahimili kiu. Matandazo ya majani makavu husaidia kutunza unyevu, mradi yasigusane na shina.

Kosa la kawaida ni kudhani kuwa mmea wa ukame haumwagiliwi kabisa. Katika viangazi viwili vya kwanza mche unahitaji maji, lakini yamwagwe mengi kwa mara moja, kisha udongo uachwe ukauke kabla ya kurudia. Maji kidogo ya kila siku huifanya mizizi ibaki juu juu, na mmea huo huteseka siku bomba likikatika. Mizizi ikishashika, mvua ya msimu wa baridi hutosha.

Kupogoa si lazima. Kwa ua, matawi hukatwa mwishoni mwa msimu wa baridi, na mkataji avae glavu nene. Kichaka kilichosongamana hivyo huzuia mifugo inayozurura, na ndege hupata humo maficho ya kutagia. Kipandwe mbali na njia wanakochezea watoto peku. Wenye ng'ombe na farasi wajue kuwa kokwa na majani machanga ya mialoni yana tanini, ambayo ikiliwa kwa wingi huharibu figo za wanyama hao.

Ukuaji wake ni wa polepole, na miaka ya kwanza huonekana kana kwamba umedumaa, kumbe kazi inafanyika chini ya ardhi. Anayetaka ua wa haraka atafute mmea mwingine. Mwenye kiwanja cha mawe, jua kali na maji ya shida katika hali ya hewa ya namna hiyo atapata ua wa kudumu, na baada ya miaka michache hautamdai tena hata ndoo moja ya maji.