Sura ya Sita: Programu Zipimazo Maandishi

Katika sura iliyopita tulieleza jinsi injini za utafutaji zinavyozizuru kurasa za intaneti, zikazisoma na kuzipanga katika hazina zake. Sasa yatupasa kuzitazama zile programu ambazo mwandishi huuziwa kwa ahadi kwamba makala yake, yakipitishwa humo kabla ya kutolewa, yatapanda daraja katika orodha ya majibu ya Google. Bidhaa hizi ni nyingi, na kila mwuzaji huisifu yake. Walakini atakaye kuzilinganisha kwa insafu asianze na bei, wala asihadaike na umaridadi wa michoro yake, bali aulize kwanza makala yake yatapimwa kwa kulinganishwa na kitu gani, maana hapo ndipo programu hizi zinapofarikiana hasa.

Yoast SEO, iliyotolewa mwaka 2010 na Mholanzi Joost de Valk kwa ajili ya tovuti zilizojengwa kwa WordPress, huyalinganisha makala na kanuni zilizokwisha kuwekwa. Hutazama kama neno kuu alilolichagua mwandishi limo katika kichwa, katika aya ya kwanza na katika anwani ya ukurasa. Hudai makala ya kawaida yasipungue maneno 300. Hutaka sentensi zinazozidi maneno 20 zisivuke robo ya sentensi zote. Kisha huwasha taa nyekundu, ya rangi ya chungwa au ya kijani. (Msomaji aliyetuvumilia hadi hapa ameshatambua kwamba kitabu hiki chote kingewashiwa nyekundu.) Toleo lake la kawaida halina malipo, na kwa mwanagenzi anayesahau kuandika maelezo mafupi ya ukurasa, au anayechelewa kulitaja jambo lake, ukumbusho huo una faida ya dhahiri.

Ila kuna kipimo cha wepesi wa kusoma, nacho chahitaji hadhari. Kwa miaka mingi Yoast iliwaonyesha waandishi alama za Rudolf Flesch, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, ambaye mwaka 1948 alitangaza hesabu ya kupimia maandishi ya Kiingereza: huchukuliwa 206.835, ukatolewa wastani wa maneno katika sentensi uliozidishwa kwa 1.015, ukatolewa tena wastani wa silabi katika neno uliozidishwa kwa 84.6, na kinachobaki, aghalabu kati ya 0 na 100, huwa kikubwa kadiri maandishi yanavyokuwa mepesi. Sasa tuipime kwa hesabu hiyo sentensi ambayo haimshindi mtoto wa chekechea, "Watoto wanakula wali": maneno matatu, silabi tisa, na jawabu ni 50 chini ya sifuri, ilhali maana hiyo hiyo ikisemwa kwa Kiingereza hupata 83. Flesch hana lawama, kwani alipima lugha aliyoijua. Kiswahili hukusanya nafsi, wakati na kitendo ndani ya neno moja, basi silabi zikawa nyingi bila ya ugumu wowote kuongezeka. Lawama ni ya yule atakayeyakatakata maandishi yake ya Kiswahili ili kuiridhisha namba hiyo.

Surfer, iliyozaliwa Wrocław nchini Polandi mwaka 2017, na Clearscope ya Marekani, zina njia nyingine kabisa. Mwandishi huzipa neno kuu. Nazo huzikusanya kurasa zilizokwisha kushika nafasi za juu kwa neno hilo, zikahesabu urefu wake, vichwa vyake vidogo na istilahi zinazojirudia humo, kisha zikayapa makala alama: Surfer kuanzia 0 hadi 100, Clearscope kwa herufi kutoka F hadi A++. Fikra iliyomo katika mizizi ya kazi hii ni kongwe kuliko Google yenyewe. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones, mtaalamu wa Cambridge, alibainisha kwamba neno lipatikanalo katika nyaraka chache lina uzito mkubwa wa kuutambulisha waraka kuliko neno lililotapakaa kila mahali. Ndiyo sababu katika makala ya mkate wa kumimina, "hamira" na "iliki" yatasema mengi, na "ya" na "kwa" hayatasema neno.

Njia hii ni ya werevu, lakini ni sawa na fundi cherehani akushoneaye kanzu kwa kipimo cha mabega ya jirani. Waandishi ishirini wakiifuata orodha moja ya istilahi, watatoa makala ishirini yasiyo na jipya, na mwezi Agosti 2022 Google ilitangaza utaratibu mahsusi wa kuyashusha maandishi yaliyotungwa kwa ajili ya injini badala ya watu. Kwetu sisi pana tatizo la ziada: pale ambapo kurasa za Kiswahili juu ya jambo fulani ni haba, au ni tafsiri za mashine, programu haina wazee wa kuwauliza, na itapendekeza makosa yale yale kwa alama za juu. Kadhalika, kanuni mashuhuri ya Martin Porter ya mwaka 1980, ya kulirudisha neno la Kiingereza kwenye shina lake, hukata miishio tu. Bali sisi huambisha mbele na nyuma, na mashine isiyojua hivyo itayahesabu "umimine", "inayomiminwa" na "nilivyoumimina" kuwa maneno matatu yasiyo na udugu.

MarketMuse, iliyonunuliwa na Siteimprove mwaka 2024, huyapima makala kwa ramani ya maudhui yote ya somo, na huwafaa wenye kurasa kwa maelfu. Kwa mwandishi mmoja mmoja sina la kuisifia.

Mimi ningemshauri mwandishi wa Kiswahili aanze na Search Console ya Google yenyewe, isiyo na alama wala taa, na isiyodai hata senti. Hiyo haimwambii aandikeje. Humwonyesha maneno yale yale ambayo watu waliyaandika walipoletewa ukurasa wake, mara ngapi ulitokea, na mara ngapi walibofya. Mathalani, mwandishi wa Unguja aliyeandika "mkate wa kumimina" aweza kugundua kwamba wasomaji wa Mombasa wanamjia kwa "mkate wa sinia", akalitia jina hilo katika kichwa kidogo, jambo ambalo hapana programu ya kuhesabu ingalimwambia. Na kwa kuwa takwimu hizo hukaa miezi 16, ataweza kuzilinganisha za Ramadhani hii na za Ramadhani iliyotangulia, aone kama badiliko lake lilileta watu au ni futari tu iliyowaleta.