Modemu Bila Mbwembwe: Ingia Mtandaoni kwa *99# Bila Kufungua Programu ya Kampuni

Leo tunaweka pembeni mpunga na choroko kidogo, tuongelee pembejeo ambayo wengi hamuiandiki kwenye daftari la gharama: bando.

Siku hizi huwezi kuuza ukiwa kipofu. Minada ya ufuta, dengu na choroko inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Utabiri wa mvua za msimu, zile za Novemba hadi Aprili kwetu Tabora, Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) huuweka mtandaoni. Mnunuzi wa mchele naye anataka ankara kwa barua pepe, leo, siyo kesho.

Sasa ukitembelea vikundi unakuta laptopu ya mtumba, RAM GB 2, na modemu ya kuchomeka ya miaka ile. Ukichomeka tu, programu ya kampuni inafunguka yenyewe: picha, menyu, ujumbe, matangazo. Mashine inaganda. Ikishaamka, inajiunganisha bila kuulizwa, Windows nayo inaanza kuvuta masasisho yake. Kabla hujafungua bei ya choroko, bando limekwisha.

Habari njema ni kwamba ile programu siyo intaneti. Ni mlango tu wenye mapambo, na Windows ina mlango wake.

Kinachofanyika hasa

Zamani intaneti ilipitia waya wa simu ya mezani. Modemu ilipiga namba kwa kelele, na kasi yake ya juu ilikuwa kilobiti 56 kwa sekunde, yaani MB 1 ilichukua karibu dakika 2 na nusu. Modemu yako ya laini imerithi mtindo huohuo wa kupiga namba. Inapiga *99#, ambayo ni kuuambia mnara "nifungulie data". Siyo simu ya kuhesabiwa dakika. Unahesabiwa MB kama kawaida. Programu ya kampuni inapiga namba hiyohiyo kwa niaba yako, kwa hiyo unaweza kuipiga mwenyewe.

Kwanza, tambua modemu yako

Ziko za aina mbili. Kuna zile zinazojifanya kadi ya mtandao: ukichomeka unaingia moja kwa moja, na mipangilio yake inafunguka kwenye kivinjari kwa anwani kama 192.168.8.1. Hizo hazihitaji somo hili. Somo hili ni la zile za kupiga, ambazo kwenye "Device Manager" zinaonekana chini ya "Modems".

Angalizo: usiifute programu ya kampuni. Mara nyingi dereva wa modemu alikuja nayo, ukiifuta na yeye anaondoka. Iache ilale. Fungua "Task Manager", nenda "Startup", uizuie isijiwashe.

Hatua kwa hatua

1. Chomeka modemu, funga programu ya kampuni kabisa.

2. Kwenye "Device Manager" bofya modemu kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", kisha "Advanced". Kwenye kisanduku cha "Extra initialization commands" andika:
AT+CGDCONT=1,"IP","internet"
Hilo neno la mwisho ni APN. Mitandao mingi hutumia "internet", lakini siyo yote. Weka laini kwenye simu, angalia APN yake kwenye mipangilio, nakili kama ilivyo.

3. Fungua "Control Panel", kisha "Network and Sharing Center", kisha "Set up a new connection". Chagua "Dial-up". Namba ni *99#. Jina na nywila acha wazi, isipokuwa mtandao wako unavidai. Muunganisho uupe jina fupi, mfano Bukene.

4. Tengeneza njia ya mkato kwenye uso wa kompyuta. Mahali pa amri andika: rasdial Bukene. Tengeneza ya pili ya kukata: rasdial Bukene /disconnect.

Basi. Ukitaka kuingia unabofya ya kwanza, ukimaliza unabofya ya pili. Hakuna kitu kinachofunguka katikati.

Ikigoma

Kosa 633: modemu inatumika na kitu kingine, au haijapangwa vizuri. Mara nyingi ni programu ya kampuni bado iko wazi imeishika.

Kosa 678: hakuna jibu upande wa pili. Angalia mtandao hapo ulipo, sogea dirishani au tumia waya mrefu wa USB. Hakiki APN.

Kosa 691: jina au nywila imekataliwa.

Ikikataa bila sababu, weka laini kwenye simu uone kama inadai PIN. Iondoe, rudisha laini kwenye modemu.

Utakachokosa

Ujumbe wa "bando lako limebaki kidogo" unaingia kwenye laini, na bila programu ile huuoni. Kwa hiyo nunua bando na uangalie salio laini ikiwa kwenye simu. Pia sitisha masasisho ya Windows kwa siku 7 kwa "Pause updates", halafu uyafanye siku ukiwa Nzega mjini au Tabora kwenye Wi-Fi. Usiyazime moja kwa moja, maana ndiyo yanayoziba matundu ya wezi.

Na tuelewane: njia hii inakwepa programu, haikwepi malipo. Wapo vijana wanauziana "mafaili" ya intaneti ya bure. Achana nayo. Yale yanapitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, na wewe ndiye umeshika nywila za AMCOS na namba za malipo za wakulima. Hasara ya siku moja hapo inazidi bando la mwaka mzima.

Kazi ya wiki hii

Katibu wa kila kikundi afungue ukurasa mpya kwenye daftari: tarehe, MB ulizonunua, kazi uliyofanya, MB zilizobaki. Andika wiki moja ukitumia programu ya kampuni, wiki moja ukitumia *99#. Mbolea unaipima kwa kilo kwa ekari. Na bando nalo lipimwe hivyohivyo, ndipo utajua ni faida au ni moshi.

Shambani kwema.