Namba za Kwanza Kupigwa Milimani Masisi

Uchungu wa kuzaa ukimshika mama usiku wa manane huko Nyamitaba, katika milima ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kufika kwake kituo cha afya kunategemea barabara na simu. Barabara ni ya tope na miinuko, na pikipiki ikishindwa, wanaume humbeba mgonjwa kwa kipoyi, yaani machela. Simu nayo lazima iwe na chaji, ishike mtandao, iwe na salio, na namba ya muuguzi ionekane upesi. Mtandao si wa familia kuuweka, na salio hutegemea mfuko. Kuzipanga namba, lakini, ni kazi ambayo mtu yeyote anaweza kuimaliza mchana, katika utulivu, bila kulipa hata franka moja.

Maofisi yaliizoea kazi hiyo zamani. Mashine za faksi zilienea katika miaka ya 1980, baada ya kiwango cha kimataifa cha mwaka 1980 kuwezesha mashine za makampuni mbalimbali kuelewana. Nyingi zilikuwa na safu ya vitufe vyenye majina ya wateja na matawi, na karani akibonyeza kimoja, mashine ilipiga namba nzima yenyewe. Namba zilizozidi vitufe zilihifadhiwa kwa tarakimu mbili au tatu, kisha mashine ikachapisha orodha ya kubandikwa ukutani ili kila mfanyakazi aione.

Faksi haikupata nafasi kubwa katika vijiji vya Kivu ya Kaskazini. Nyaya za simu za serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, zilikuwa zimechakaa, na simu za mkononi za Telecel, zilizoanza Kinshasa mwaka 1986, zilikuwa za matajiri na wakubwa. Milimani kazi ilifanywa na fonia, redio ya masafa marefu ambayo mawimbi yake hupanda hewani, yakarudishwa chini na tabaka la juu la anga, yakavuka milima bila mnara wowote. Mwendeshaji wa fonia alikuwa na daftari la masafa ya mawimbi na saa za kuyatumia, kwa sababu masafa yanayosikika vizuri mchana huweza kupotea usiku. Redio za kampuni ya Codan ya Australia, zinazotumiwa sana na mashirika ya misaada, zina kumbukumbu ya vituo: kila kituo kina namba yake, na mwendeshaji huchagua jina kwenye kioo badala ya kuita hewani mpaka koo likauke.

Leo kumbukumbu hiyo imo ndani ya simu ndogo ya vitufe. Kwenye simu nyingi za aina hii, kitufe cha 1 kimetengewa ujumbe wa sauti, na vile vya 2 hadi 9 vinaweza kupewa namba nane za mkato. Mwenye simu huingia kwenye majina, hutafuta sehemu ya kupiga kwa haraka, huchagua kitufe, kisha huchagua mtu. Tangu hapo, akikikandamiza kitufe hicho kwa sekunde chache, simu inapiga. Gizani, mikono ikitetemeka, hata mtoto au bibi asiyejua kusoma anaweza kufundishwa kwamba kitufe cha 2 ni cha muuguzi na cha 3 ni cha mwenye pikipiki.

Nafasi nane ni chache, hivyo inafaa zipewe watu wanaoweza kutenda jambo. Muuguzi wa kituo cha afya, mwenye pikipiki anayekubali safari za usiku, chifu wa kijiji, jirani mwenye mtandao tofauti, na ndugu mmoja aliyeko Goma wana haki ya kutangulia. Majina mengine yatapangwa na simu kwa herufi, na ndiyo maana wengi huweka tarakimu au herufi A mbele ya jina wanalotaka likae juu.

Namba yenyewe ihifadhiwe ikianza na +243, sifuri ya mbele ikiondolewa. Ikiandikwa hivyo, inapigika Masisi na inapigika pia mwenye simu akivuka mpaka kuingia Rwanda au Uganda, kama wakimbizi wengi walivyolazimika kufanya. Kadi nyingi za simu hubeba majina yapatayo 250, na yaliyohifadhiwa humo huhama nayo ikiwekwa kwenye simu nyingine. Yaliyo kwenye simu pekee hupotea simu ikiibwa au ikitumbukia mtoni. Nakala ya karatasi, iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, ni kinga ya yote mawili.

Thamani ya mawasiliano yaliyopangwa mapema ilijulikana kwa uchungu katika Walikale, jirani ya Masisi. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu wenye silaha walivamia vijiji 13 katika barabara ya Kibua hadi Mpofi, Luvungi kikiwemo, na kubaka watu zaidi ya 300. Kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa ilikuwa umbali wa takriban kilomita 30, lakini mawasiliano ya simu eneo hilo yalikuwa haba mno. Mwezi Septemba, Atul Khare wa idara ya ulinzi wa amani alikiri mbele ya Baraza la Usalama kwamba hatua zilizochukuliwa hazikutosha.

Katika miaka iliyofuata, MONUSCO, ujumbe huo wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ilipanua mitandao ya tahadhari ya jamii. Wasaidizi Wakongomani waliowekwa kwenye kambi walikusanya namba za machifu, walimu, akina mama na vijana wa vijiji vinavyozunguka, nao wanavijiji wakapewa namba za kambi. Baadhi walipewa simu na salio. Ili taarifa isikwame, kambi nayo ilihitaji kujua aliyepiga ni nani, anatoka kijiji gani, na nani mwingine wa jirani anaweza kuithibitisha.

Orodha hiyo ina hatari yake. Mtu mwenye silaha akiikamata simu kizuizini, jina moja tu linaweza kumfanya mwenye simu aitwe mpelelezi. Watoa taarifa wamewahi kuishi na hofu hiyo, na wapo wanaochagua kukariri namba nyeti badala ya kuiandika popote.

Orodha pia huzeeka. Mwanzoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-kati, na mwishoni mwa mwezi huo wakaichukua Goma. Viongozi wengi walikimbia, familia zikatawanyika, na namba nyingi zilizokuwa za ofisi fulani zikawa za watu wasio na ofisi tena. Tangu hapo kitufe kilichokuwa cha afisa wa serikali kinastahili kupewa mtu mwingine: muuguzi aliyebaki kazini, mwenye pikipiki ambaye bado anapita njia ile, au ndugu aliye ng'ambo ya mpaka. Kila mmoja wao apigiwe kwanza mchana, ijulikane kwamba anapokea.